Kazi Mpya, Mshahara na Mahitaji ya Nyumbani

Katika Kitui na Makueni ni nadra kuona mji usio na mtu wake mmoja anayepata mshahara mahali pengine. Huyu ni karani Nairobi, yule ni askari, mwingine hushika usukani wa lori katika njia ya Mombasa, na binti wa jirani ni mwalimu au muuguzi katika kaunti ya mbali. Fedha zao ndizo zilipazo karo, ndizo zinunuazo mbegu kabla ya mvua, na ndizo zimpelekazo mzazi hospitali. Kwa sababu hiyo, mtu wa sehemu hizi apatapo habari ya kazi mpya, shauri hilo si lake peke yake. Ni shauri la mkewe au mumewe, la watoto walio shuleni, na la wazee wanaomtazama yeye.

Hata hivyo watu wengi hulikata shauri hilo kwa kutazama tarakimu moja tu, ile iliyoandikwa katika barua ya kazi. Ikiwa ni kubwa kuliko mshahara wa sasa, hufunga mizigo. Baada ya miezi sita hushangaa kwamba fedha zinazofika nyumbani ni zile zile, au zimepungua. Hawakuibiwa, ila hesabu yao ilikuwa nusu. Mshahara wa kweli ni ule unaobaki baada ya kulipa gharama ya kuupata, na baada ya kumlipa mtu wa kuifanya kazi iliyoachwa nyumbani. Aendaye bila kufanya hesabu hiyo aweza kujipoteza. Na akataaye kwenda bila kuifanya aweza kuwanyima watoto wake haki yao.

SAFARI YA ZAMANI

Kutoka nyumbani kwenda kutafuta si jambo jipya kwa Wakamba. Kabla ya reli, misafara ya Kitui ilishuka hadi Mombasa kwa biashara ya pembe. Mzee Kivui Mwendwa, aliyempokea mmishonari Ludwig Krapf huko Kitui mwaka wa 1849, alikuwa mfanyabiashara wa namna hiyo, mwenye jina lililojulikana mpaka pwani. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, ikipita katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Makueni, penye stesheni za Kibwezi na Makindu. Tangu hapo kazi ya mshahara ikawa karibu na mlango.

Lakini kazi hiyo haikuwa na uhuru. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimishwa kuchukua kipande, hati iliyoandikwa jina la tajiri wake na mshahara aliolipwa. Aliyeondoka kazini bila tajiri kutia sahihi aliweza kushtakiwa. Mtu wa wakati huo hakuweza kusema kwamba amepata kazi bora zaidi, akaaga na kwenda zake.

Mshahara wenyewe nao ulipimwa kwa kibaba cha mtu mmoja. Ilidhaniwa kwamba mfanyakazi wa mjini ni kijana asiye na jamaa, au kwamba mke na watoto wake wanalishwa na shamba. Mwaka wa 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika. Ilisema kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji yao ya lazima, ikashauri mshahara wa chini upimwe kwa mahitaji ya mtu aliyeoa. Taarifa hiyo ilikiri jambo ambalo wake wa Ukambani walilijua siku nyingi: shamba lilikuwa likimlipia tajiri sehemu ya mshahara.

Pamoja na hayo, wapo waliotumia mshahara huo mdogo kwa busara. Mwaka wa 1994 wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya wilaya ya Machakos, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Makueni. Walieleza jinsi nchi iliyokuwa ikimomonyoka katika miaka ya 1930 ilivyokuja kufunikwa kwa matuta na miti, ingawa watu waliongezeka kama mara tano. Sehemu kubwa ya mtaji wa kazi hiyo ilitoka katika mishahara ya watu waliokuwa mbali, na nguvu ya mikono ilitoka kwa vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wake walikuwa wanawake. Mshahara uligeuka plau, ng'ombe wa kulima, na matuta ya fanya juu. Hilo ni funzo la kukumbukwa na kila mwenye barua ya kazi mkononi. Mtu aliyekuwa mbali alifaulu kwa sababu fedha zilifika nyumbani, na nyumbani palikuwa na watu wa kuzitumia vema.

BARUA YASEMA NINI, MKONO WAPATA NINI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tuchukue daftari na kuangalia mfano. Karani mmoja wa Wote analipwa shilingi 24,000 kwa mwezi, naye hulala kwake, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka kazini. Anapata barua ya kazi Nairobi yenye mshahara wa shilingi 38,000. Kwa macho ameongezewa shilingi 14,000.

Kwanza huja makato ya sheria. Kwa viwango vya mwaka wa 2025, hazina ya hifadhi ya jamii huchukua asilimia 6 ya mshahara wa kiasi hicho, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba nafuu asilimia 1.5. Kodi ya mapato huanza kuuma pale fedha zinazobaki baada ya makato hayo zinapopita shilingi 24,000. Karani wa shilingi 24,000 hukatwa jumla ya shilingi 2,460, wala halipi kodi ya mapato. Hupokea mkononi shilingi 21,540. Mwenye shilingi 38,000 hukatwa 3,895 kwa mambo matatu yale, kisha kodi ya mapato ya shilingi 2,615 hivi. Hupokea shilingi 31,490. Nyongeza ya 14,000 imekwisha kuwa shilingi 9,950 kabla hajapanda gari.

Pili huja gharama za kukaa mjini. Tuseme chumba ni shilingi 6,000, nauli ya kwenda kazini siku 26 kwa shilingi 100 ni 2,600, chakula cha mtu anayepika peke yake ni 6,000, na safari mbili za nyumbani kwa mwezi ni 2,400. Jumla ni shilingi 17,000. Zinabaki 14,490. Alipokuwa Wote, pikipiki ilimgharimu shilingi 2,600 kwa mwezi, na chakula cha mchana kiasi hicho hicho, na chakula cha usiku alikula pamoja na watoto wake katika sufuria moja. Alibakiwa na shilingi 16,340.

Kwa hiyo karani huyu aliyeongezewa shilingi 14,000 katika barua amepunguziwa shilingi 1,850 mfukoni. Tena hesabu hiyo haijataja kibarua atakayelima badala yake, wala godoro, jiko na sufuria za kuanzia maisha, wala mwezi wa kwanza ambao mwenye nyumba hudai kodi pamoja na amana.

Hata hivyo hesabu hiyo hiyo yaweza kusema kinyume. Kama barua ya Nairobi ingekuwa ya shilingi 60,000, baada ya makato angepokea kama 45,300, na baada ya gharama zile zile za mjini angebakiwa na 28,300. Hizo ni karibu shilingi 12,000 zaidi ya zile za Wote kila mwezi, nazo zatosha kumlipa kibarua na kuweka akiba. Hapo kukaa nyumbani kwa sababu ya mazoea peke yake kungekuwa hasara. Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe, kwa maana kodi ya chumba ya Mlolongo si ya Kileleshwa, na nauli ya Mutomo si ya Emali.

Jambo moja zaidi la kuuliza kabla ya kutia sahihi ni nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kupanga, isipokuwa kama mshahara umekwisha kuchanganywa na fedha hizo. Mshahara wa shilingi 30,000 pamoja na nyumba waweza kuushinda wa shilingi 36,000 usio na nyumba. Asiyeuliza mapema hana wa kumlaumu baadaye.

KAZI ISIYOANDIKWA MAHALI POPOTE

Mfanyakazi anayelala nyumbani hufanya kazi mbili, na moja haina barua. Jioni hutazama mbuzi wamerudi wote, hutengeneza ua lililovunjika, humwangalia mtoto asomapo. Jumamosi huchota maji au hupalilia. Akihama, kazi hizo hazihami pamoja naye. Mtu mwingine huzibeba, na mara nyingi ni mkewe, au mama mzee, au binti mkubwa ambaye kwa sababu hiyo huanza kukosa shule. Gharama hiyo haionekani katika daftari, lakini yalipwa kila siku.

Kalenda ya Ukambani nayo ina haki ya kutazamwa. Mvua zinazotegemewa zaidi katika Kitui na Makueni ni zile za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mahindi, kunde, mbaazi na ndengu hutaka mkono wa mwenye shamba katika majuma machache ya kupanda, na anayechelewa huvuna maneno. Kisha Januari huja na karo. Mtu anayeanza kazi mpya mbali mwezi wa Oktoba huwa hajapata haki ya likizo, na mshahara wake wa kwanza umeliwa na chumba. Ameikosa mvua, na karo inamkuta mikono mitupu. Kazi ile ile ikianza Februari, mambo huwa mengine kabisa. Mwajiri mwingi hukubali kungoja majuma mawili au matatu akielezwa kwa adabu, na kuuliza si kosa.

Ugonjwa pia huingia katika hesabu. Mwaka wa 2016 serikali ya kaunti ya Makueni ilianzisha mpango ambao kila jamaa ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Watu wengi hapo ndipo walipotambua kwamba matibabu ya karibu ni sehemu ya mapato, ingawa hayaonekani katika hati ya mshahara. Tangu Oktoba mwaka wa 2024 makato ya bima ya afya ya jamii yamekuwa ya kila mwenye mshahara popote alipo. Anayekatwa na ahakikishe kwamba mwenzi wake na watoto wameandikishwa kwa jina lake, kwa maana si mara chache mtu hukatwa miezi mingi, na mtoto akiugua huko Mwingi ikaonekana kwamba jina lake halimo.

Kwa watumishi wa umma umbali mara nyingine huja bila kuombwa. Tume ya Huduma za Walimu ilianza mwaka wa 2018 kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, kuwatoa katika kaunti za kwao, na wengi walitengana na wenzi na watoto. Mwaka wa 2022 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kuupinga mpango huo, na mwanzoni mwa mwaka wa 2023 walimu wengi walirudishwa karibu na kwao. Habari hiyo yaonyesha kwamba hata wakubwa wa nchi walilazimika kukubali kuwa nyumba ya mtumishi ni sehemu ya kazi yake.

KAZI ZA KARIBU NA THAMANI YAKE

Sheria yenyewe hukubali kwamba shilingi ya Nairobi si shilingi ya Kitui. Agizo la mishahara la mwaka wa 2022 liliweka kiwango cha chini cha kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi, na katika sehemu zilizo nje ya miji mikubwa na manispaa kuwa shilingi 8,109 na senti 90. Tofauti hiyo yakaribia nusu kwa nusu. Kijana asiye na shamba wala jamaa ataiona ni sababu ya kuondoka. Mwenye nyumba yake, mbuzi wake na maji yake ataifikiria mara mbili.

Tena kazi za karibu si zile za zamani tu. Tangu kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, makarani, wauguzi, madereva na maofisa wa kilimo huajiriwa na bodi za utumishi wa umma za kaunti, na nafasi hizo hutangazwa hadharani. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilicho karibu na Kwa Vonza huhitaji watu wa kazi za namna nyingi, si wahadhiri peke yao. Kiwanda cha matunda cha Kalamba, kilichofunguliwa mwaka wa 2017, kilianza kununua maembe ya wakulima wa Makueni na kuyasindika. Kituo cha ushonaji cha kaunti ya Kitui kilichoko Syongila kilijulikana nchi nzima mwaka wa 2020, mafundi wake waliposhona barakoa wakati wa ugonjwa wa korona. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupita Mutomo hadi Kitui imewakaribisha watu waliokuwa mbali, na gari la moshi la reli mpya, lililoanza kuchukua abiria mwaka wa 2017, husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei.

Haifai kudanganyana, hata hivyo. Nafasi hizo ni chache kuliko watu wanaozitaka. Kaunti ya Kitui ilihesabiwa watu 1,136,187 mwaka wa 2019, na Makueni 987,653. Wengi wao wataendelea kutoka. Lililo muhimu ni kwamba mtu atafute pande zote mbili kabla hajaamua, wala asidhani kwamba kazi ya karibu ni ya walioshindwa.

MADENI NA WADHAMINI

Jambo ambalo limewavunjia wengi urafiki ni mkopo. Mtumishi huchukua fedha katika chama cha akiba na mikopo, na mwajiri hukata malipo kila mwezi katika mshahara. Sheria ya Ajira husema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, ili mtu asikose hata theluthi moja ya kula. Mtumishi anayehama huukatiza mfereji huo. Mwajiri wa zamani hakati tena, na mwajiri mpya hana habari. Miezi miwili au mitatu ikipita bila malipo, chama huwageukia wadhamini, nao ni karani mwenzake wa meza ya pili, au mwalimu wa shule ya jirani, watu wenye watoto kama yeye.

Dawa yake ni rahisi ikifanywa mapema. Kabla ya kuaga, mtumishi aende chamani, aulize deni lililobaki, aombe malipo yapangwe kwa mshahara mpya au kwa agizo la benki, na awaarifu wadhamini wake kwa mdomo wake mwenyewe. Katika hesabu ya kazi mpya, mkopo huo uandikwe mstari wa kwanza, kabla ya chumba na kabla ya nauli. Mtu aliyewaachia rafiki zake deni atarudi kwao likizo, naye atapita njia ya nyuma.

KUAGA KAZI KWA UTARATIBU

Msemo wa wazee ni usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi ya zamani isiachwe mpaka barua ya kazi mpya imepatikana, imesomwa yote, na imetiwa sahihi na pande mbili. Ahadi ya simu si barua. Katika barua hiyo mtu atafute mambo haya: jina la kazi, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na tarehe ya kulipwa, nyumba, likizo, na muda wa majaribio.

Muda wa majaribio unastahili kufikiriwa sana. Sheria huuruhusu ufikie miezi sita, na waweza kuongezwa kwa miezi sita mingine mfanyakazi akikubali. Katika muda huo mkataba waweza kukatwa kwa notisi ya siku saba, au kwa malipo ya siku hizo. Kwa hiyo mwenye kazi ya kudumu huko Kitui anayeiacha kwa ajili ya mpya ameacha mti wenye mizizi, akapanda mche. Si vibaya kupanda mche, lakini na awe na akiba ya kula miezi miwili au mitatu, wala asihamishe watoto shule wala kuuza ng'ombe wa kulima kabla muda huo haujaisha.

Kuaga nako kuna kanuni. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa kama mkataba wake wataka zaidi. Asiyeweza kungoja hulipa badala ya siku hizo. Likizo ni siku 21 za kazi kwa kila miezi kumi na miwili, na siku alizostahili asizozitumia hulipwa aondokapo. Aidha, aliyefanya kazi zaidi ya majuma manne ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, kinachotaja kazi aliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Mwajiri halazimishwi kumsifu, lakini cheti hawezi kukinyima. Babu alibeba kipande kilichomfunga kwa tajiri. Mjukuu hubeba cheti kinachomfungulia mlango. Asiondoke bila hicho.

Na wale wanaoahidiwa kazi za Ghuba au Ulaya wajihadhari zaidi ya wote. Mawakala wa ajira hutakiwa kuandikishwa serikalini, na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, ndiyo ya kuulizwa kama wakala fulani anajulikana. Mtu anayeomba fedha kwa siri, asiye na ofisi, asiyetaka barua isomwe na mtu wa pili, huyo hana kazi ya kutoa. Jamaa wengi wameuza mbuzi na vipande vya shamba kwa ajili ya safari ambayo haikuwapo.

BARAZA LA NYUMBANI

Baada ya hesabu zote huja jambo lililo gumu kuliko hesabu, nalo ni mazungumzo. Wako waume wanaowapasha wake zao habari ya kazi mpya siku ya kuondoka, na wako wake waliopata barua wakaificha kwa kuogopa ugomvi. Hao wote huanza safari na mguu mmoja. Yafaa wenye nyumba wakae usiku mmoja na daftari, waandike upande mmoja fedha zitakazofika, na upande wa pili kazi zitakazobaki na jina la atakayezifanya. Kama jina la mke limeandikwa katika kila mstari wa upande wa pili, nyongeza ya mshahara ni yake pia, na kibarua wa msimu wa kupanda si anasa bali ni deni.

Mwanamke anapokuwa ndiye aliyepata kazi ya mbali, na siku hizi ni wengi, hesabu haibadiliki. Mume anayebaki na watoto hatendi jambo la aibu. Mama mkwe na dada waulizwe kwa heshima kama wataweza kusaidia, wala wasifanywe wayaya bila kuulizwa. Na ikiwa katika nyumba kuna mtoto mchanga, ikumbukwe kwamba sheria humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili, na baba majuma mawili. Si busara kuihama kazi yenye haki hizo mwezi mmoja kabla ya kuzaa.

Wapatane pia juu ya fedha zenyewe. Tangu mwaka wa 2007 M-Pesa imeondoa udhuru wa zamani wa kungoja mtu anayesafiri, lakini wepesi wa kutuma umeleta udhaifu mwingine: shilingi 300 leo, shilingi 500 kesho kutwa, na mwisho wa mwezi hakuna ajuaye kilichotumwa kimefanya nini. Ni heri kutuma mara moja au mara mbili kwa mwezi, kila fungu na jina lake: masurufu, karo, shamba, akiba. Na lile fungu la shamba lisiliwe, hata mwaka ukiwa mgumu. Kazi ya mshahara ina mwisho wake, kwa uzee, kwa kufungwa kiwanda, au kwa barua ya siku saba. Siku hiyo ikifika, mtu hurudi kwenye matuta aliyoyalipia alipokuwa mbali.

Hatimaye wapange siku ya kuitazama hesabu upya, kwa mfano baada ya muda wa majaribio kwisha. Kama zile fedha zilizotazamiwa zinafika, na watoto wanasoma, na mzazi anapata dawa zake, basi kazi mpya ni njema na ishikwe kwa mikono miwili. Kama hazifiki, hakuna aibu kutafuta nyingine iliyo karibu. Anayerudi Wote kwa mshahara wa shilingi 24,000 hajashindwa na Nairobi, amejua kuhesabu.